Watu Waliovuka Kamba

Mke wangu alikuwa na vicheko viwili. Cha kwanza kilikuwa cha wageni: kifupi, kinapitia puani, kinaisha kabla kikombe hakijarudi mezani. Cha pili kilianza kwa kimya. Aliinama kidogo kana kwamba kuna kitu kimemchoma tumboni, kisha kikapasuka, na mkono wake ukampiga paja yeyote aliyekaa jirani naye. Hicho cha pili sikuwahi kukisababisha mimi. Nilikijua kwa sababu nilikisikia ukumbini, Shinyanga, kila mara mtani wangu alipoonyesha mchezo mpya, na paja lililokuwa likipigwa lilikuwa langu.

Nitamwita mtani tu, maana ndivyo tulivyoitana tangu siku ya kwanza. Yeye alikuwa Mzaramo. Baba yake aliletwa bara na kazi ya reli akafia huku huku. Mimi ni Msukuma. Kati ya watu wake na watu wangu kuna utani wa zamani, ule wa kweli, ambao mwenzako anaweza kukwambia lolote mbele ya wakwe zako na wewe huna ruhusa ya kununa. Anaweza kuingia kwako, akakamata jogoo, akaondoka naye huku anakutukana. Ukikasirika, mwenye kosa ni wewe. Na siku ukifa, yeye ndiye anayekuja kuvaa nguo zako na kukuigiza mbele ya wafiwa mpaka wacheke, kwa sababu msiba ambao watani hawakuufanyia kazi yao huonekana kama umezikwa nusu. Nayasema haya mapema kwa kuwa wivu wangu ulianzia humo na ukaishia humo. Wivu juu ya mtu mwingine unaweza kuutoa kwa ugomvi. Juu ya mtani hauna mlango wa kutokea.

Tulisoma sekondari moja, yeye akiwa nyuma yangu darasa moja. Baadaye mimi nikawa karani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, yeye akawa mkata tiketi stesheni. Jumamosi tulikutana kwenye ukumbi wa maendeleo ya jamii, sisi na walimu wawili wa shule ya msingi, muuguzi mmoja, fundi cherehani, na muuza nyama mnene aliyekuwa mwigizaji bora kuliko wote. Hicho ndicho kilikuwa kikundi chetu cha michezo ya kuigiza. Ilikuwa miaka ya mwisho ya sitini, na tulikuwa na bidii ya watu wanaodhani nchi nzima inawatazama.

Waandishi wa kikundi tulikuwa wawili, mimi na yeye.

Mimi niliandika nyumbani, mlango umefungwa, watoto wamekatazwa kelele. Yeye aliandikia dirishani kwake, watu wakiwa wamepanga foleni. Alikuwa na namna yake ya kazi ambayo niliidharau kwa mdomo na kuitamani moyoni. Akipata neno la kuchekesha, halipeleki kwenye karatasi. Kwanza analijaribu kwa abiria. Mama mmoja anauliza, "Baba, treni ya Mwanza inafika saa ngapi?" Naye anajibu bila kuinua uso, "Saa ile ile ya jana, mama. Ila jana haikufika." Kama mama yule anacheka, analijaribu kwa abiria wa pili, kisha wa tatu, mtu wa mjini na mtu wa shamba. Wakicheka wote ndipo analiandika. Wasipocheka analitupa, hata kama yeye mwenyewe analipenda. Nilimwona akitupa maneno ambayo mimi ningeyajengea mchezo mzima.

Mchezo wake uliopendwa kuliko yote ulihusu karani mmoja aliyepewa ng'ombe na baba mkwe, asijue kumchunga. Muuza nyama ndiye aliyekuwa karani. Alisimama mbele ya ng'ombe, yaani walimu wawili chini ya shuka, akaweka kalamu sikioni, akakohoa, akasema:

"Ewe ng'ombe. Kuhusu maombi yako ya majani uliyoyaleta mbele yangu, ofisi inasikitika kukujulisha kwamba majani hayapo. Unashauriwa uwe na subira."

Ng'ombe akalia.

"Malalamiko yako yamepokelewa," karani akasema, "nayo yanashughulikiwa."

Ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Kila mtu alimjua karani ambaye huweka kalamu sikioni na kukohoa kabla ya kusema. Walinigeukia, wakacheka wakinitazama, nami nikacheka pia kwa sababu sheria ya utani ndivyo inavyotaka. Lakini masikio yangu yalikuwa upande wa kulia. Mke wangu aliinama, akanyamaza, nikajua kinakuja. Kikaja. Alinipiga paja mpaka suruali ikatoa vumbi.

Usiku ule tukirudi aliniuliza, "Kwani nilicheka sana?"

"Paja ndilo linalojua."

"Ni mchezo tu, baba watoto. Tena ni mtani wako. Ulitaka nilie?"

 Nilitaka acheke namna ile kwa neno langu. Hilo tu. Katika maisha yangu nimetaka vitu vingi vikubwa kuliko hicho, na vingi nimevipata, lakini nikikumbuka miaka ile sikumbuki nikitaka kingine.

Mchezo wangu ulikuwa juu ya mtemi wa zamani ambaye mvua imekataa kunyesha katika utawala wake. Kwa desturi yetu, mtemi wa namna hiyo huondolewa. Niliandika anavyokataa, anavyowalaumu waganga, wakeze, hata mawingu, mpaka siku anapovua mwenyewe bangili ya utemi na kuiweka chini mbele ya watu. Niliupenda sana mchezo ule. Tulipouonyesha ukumbini, watu walisikiliza kwa adabu na kupiga makofi kwa adabu. Mzee mmoja alilala. Mke wangu aliniambia, "Ni mzuri. Una maneno mengi mazuri," akacheka kile kicheko cha puani.

Basi ikafika sherehe baada ya msimu wa pamba. Bwana Maendeleo, ofisa aliyekuwa mlezi wa kikundi, alitaka mchezo mmoja uonyeshwe uwanjani mbele ya watu wa vijiji vyote. Kikundi kikagawanyika. Nusu walitaka ng'ombe, nusu walitaka mtemi. Tulibishana Jumamosi nzima, na mimi nilibishana kuliko wote, mpaka Bwana Maendeleo akapiga meza.

"Ninyi si ndio wenyeji wa ngoma hapa? Ngoma zenu zinashindanaje?"

Sote tulijua. Kwetu ngoma mbili zinachezwa uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, hii huku na hii kule, na hakuna mwamuzi wa mezani. Watazamaji wako huru. Wakiona kule kunanoga wanakimbilia kule. Jioni, ngoma iliyobaki na watu ndiyo iliyoshinda.

"Basi fanyeni hivyo hivyo," akasema. "Fungeni kamba katikati ya uwanja. Watu waamue kwa miguu."

Mtani alinipa mkono. "Mla michembe," akasema, akinisuta kwa viazi vikavu vya kwetu, "siku hiyo mlete mama watoto mapema, apate pa kukaa. Upande wangu, lakini."

"Mla nazi, utabaki na ng'ombe wako peke yake."

Watu walicheka. Nilirudi nyumbani nikijua yatakayotokea. Nilijua kama mtu anavyojua uzito wa gunia kabla ya kulipima.

Ndipo nikafanya jambo ambalo kwa karani aliyesoma misheni lilikuwa aibu. Wacheza ngoma wa kwetu hawaingii uwanjani mikono mitupu. Wana dawa ya kuvuta watu. Mimi niliwahi kusimama kanisani na kuicheka dawa hiyo. Sasa nilichukua kuku wa mke wangu, nikapanda baiskeli, nikaenda kwa nfumu, mganga wetu wa jadi, aliyekuwa akiishi mbali na mji. Alikuwa mwanamume mwenye haraka, anatengeneza mpini wa jembe huku ananisikiliza.

"Ngoma gani?" akauliza.

"Si ngoma. Ni mchezo wa kuigiza."

"Watu wanatazama?"

"Wanatazama."

"Basi ni ngoma."

Alinipa mzizi uliofungwa kitambaa na kupakwa kitu chenye harufu kali ya zizi la mbuzi. Niubane kwapani, akasema, tangu mchezo unapoanza mpaka unapoisha. Na kuna mwiko.

"Usiwaangalie watu. Wakija, acha waje. Ukiwaangalia, wanarudi."

"Nisipowaangalia, nitajuaje kama wamekuja?"

"Huna masikio?"

Mwiko huo haukunipa tabu. Kazi yangu katika mchezo ilikuwa kukaa nyuma ya shuka na kuwanong'oneza wachezaji maneno wanapoyasahau. Siku ilipofika nilikaa huko, nimewapa watu mgongo, mswada mapajani, mzizi kwapani. Mke wangu nilimwacha mbele, upande wangu wa kamba, kwenye kigoda alichokuja nacho kutoka nyumbani.

Tulianza pamoja. Upande wa pili walikuwa wamefika kwenye ng'ombe haraka; nilisikia kicheko kinaanza, kinakua, kinawafuata watu kama ugonjwa. Upande wangu nilimsikia mtu mmoja akikohoa. Nilimsikia mtoto akisema, "Mama, twende kule," na mama akamjibu, "Subiri kidogo," kisha sikumsikia tena yule mama wala yule mtoto. Mtemi wangu, ambaye alikuwa fundi cherehani, alianza kusema haraka haraka kama mtu anayekimbizwa. Nikamnong'oneza: taratibu, taratibu. 

Halafu kelele za upande wa pili zilikatika ghafla. Nikasikia sauti moja, sikushika maneno, kikafuata kicheko kikubwa kuliko vyote, na baada yake ikaja sauti ambayo sijaisahau: miguu. Miguu mingi, ya viatu na ya peku, inakuja upande wangu. Vumbi likapenya chini ya shuka. Niliwasikia wakikaa, wakisukumana, mtu akisema "sogea."  Niliubana mzizi mpaka kwapa likauma, nikainama juu ya mswada, sikugeuka.

Kisha kikaja kimya. Si kile cha ukumbini, cha adabu. Hiki kilikuwa cha uwanja mzima kuzuia pumzi. Hapakuwa na kikohozi. Hapakuwa na mtoto. Mtemi akapata nguvu. Akasema maneno yangu kama nilivyoyaota. Alipovua bangili na kuiweka chini, niliisikia ikigusa udongo. Nililia nyuma ya shuka kama mjinga.

Mchezo ulipoisha nilitoka. Uwanja wote ulikuwa upande wangu. Upande wa mtani palikuwa na shuka la ng'ombe limelala chini peke yake. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama katikati ya watu, suruali ina vumbi matakoni, anapiga makofi mikono ikiwa juu ya kichwa. Nikadhani amekuja kukubali kushindwa.

"Mtani," akasema, "leo umenimaliza."

"Nenda kajifunze," nikamjibu, kwa sauti ili wote wasikie.

Walicheka. Ilikuwa mara ya kwanza neno langu kuwachekesha watu wengi kiasi kile, na nikadhani ni kwa sababu ya neno.

Tulipewa mbuzi. Jioni mke wangu alikaanga maini, nami nikaongea peke yangu mpaka yakapoa. Nikamuuliza, "Umefurahi?"

"Nimefurahi, ukiwa umefurahi wewe."

Nilitosheka na jibu hilo. Ndivyo nilivyokuwa.

Baada ya siku chache mtani alinifuata getini kiwandani, bado amevaa kofia yake ya reli. Alitembea nami tukiisukuma baiskeli yangu wote wawili, yeye upande mmoja, mimi upande mwingine.

"Sikiliza, mla michembe. Wewe una mtemi, mimi nina ng'ombe. Tuwaweke jukwaa moja. Mtemi wako yuko katika uchungu wake, anavua bangili, na ng'ombe wangu anapita nyuma yake, anatafuta majani. Hakuna majani. Mvua hakuna, si ndiyo?"

Nilisimama. Niliuona mchezo huo wote kwa mara moja. Watu wangeanza kucheka, na katikati ya kucheka wangegundua kwamba ng'ombe ana njaa ya kweli, na kicheko kingewakwama kooni. Mchezo huo ungekuwa bora kuliko wangu, tena bora kuliko wake. Niliuona, na kwa sababu niliuona ndiyo maana nilikataa. Kama wazo lingekuwa baya ningelikubali.

"Mshindi haombi msaada kwa aliyeshindwa," nikamwambia.

Aliniangalia kwa muda, mdomo uko wazi kidogo, kama mtu ambaye ana tiketi mkononi na hajui ampe nani. Nilidhani atanitukana kitani. Akaachia baiskeli, akacheka.

"Haya. Nitakungoja kwenye msiba wako."

Watani huambiana hivyo kila siku. Sikulitilia maanani.

Nikaunda kikundi changu. Fundi cherehani alinifuata, na mwalimu mmoja. Niliandika mchezo mwingine wa mtemi, na mwingine tena. Tulikwenda Mwadui, tukaigiza mbele ya wafanyakazi wa mgodi wa almasi, wakaondoka mmoja mmoja kwa heshima, wameinamisha vichwa kama wanaotoka misa kabla ya baraka. Tulikwenda Isaka, madereva wa malori walituomba tumalize mapema, walitaka kulala mahali tulipoweka jukwaa. Kila niliposhindwa nilijikumbusha ule uwanja. Niliwahi kuwashika watu. Walivuka kamba kwa miguu yao. Wakati mwingine nilimrudia yule nfumu kwa dawa mpya, na kila mara nikakaa nimewapa watu mgongo, nikisubiri miguu. Haikuja tena. Fundi cherehani alirudi kwenye cherehani yake. Nami nikaacha.

Na mtani? Aliacha reli. Watu walisema amehamia kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita, kisha ameoa Mzinza na kufungua mgahawa Buseresere. Jioni anapanga viti nyuma, wachimbaji waliotoka mashimoni na vumbi lao wanakuwa waigizaji, na watu wanatoka vijiji vya mbali kuja kucheka. Nilipohamishiwa kiwanda cha pamba cha Geita, tayari miaka ya themanini, nilikuwa karibu naye kuliko nilivyowahi kuwa tangu Shinyanga. Malori yalikwenda Buseresere kila siku. Mke wangu aliniambia zaidi ya mara moja, "Twende tukamsalimie mtani wako." Nilikuwa na kazi. Nilikuwa na kazi kila mara.

Mchimbaji mmoja aliyekuja mjini kuuza dhahabu kidogo aliyopata aliwahi kunisimulia mchezo wa yule mzee wa Buseresere, juu ya ng'ombe anayetafuta majani wakati wa ukame. "Mzee wangu," akasema, "unacheka, unacheka, halafu unaona haya." Nilimwuliza kama ndani yake kuna mtemi. Akasema hapana. Kuna nafasi tu, akasema, pale katikati jukwaa linakuwa tupu kidogo, ng'ombe anazunguka kama vile kuna mtu amesimama hapo.

Sikulala vizuri siku nyingi kwa ajili ya nafasi ile.

Kisha asubuhi moja dereva wa lori alisimama mlangoni, akasema mtani wangu amefariki jana na anazikwa leo alasiri. Tulipanda lori lile lile, mimi na mke wangu, juu ya magunia ya chumvi.  Njiani yeye alikuwa ameshika ncha ya khanga yake na kuikunja, kuikunjua.

"Kuna neno nimekaa nalo," akasema. "Halikuwa langu. Sasa mwenyewe amekufa, sijui nilipeleke wapi."

"Neno gani?"

"La siku ya kamba."

Akaniambia. Siku ile upande wangu walibaki vikongwe wachache, na yeye kwenye kigoda chake, anajitahidi kutotazama ng'ambo. Mtani akamwona. Akasimamisha mchezo wake katikati, akavua kofia, akawaambia watu wake: "Jamani, mke wa mtani wangu amekaa peke yake kama aliyefiwa. Na sisi tunacheka! Twendeni tukampe pole." Watu wakaangua kicheko, wakamfuata, wakaruka kamba. Akaja akaketi chini, mbele kabisa, miguuni pa mke wangu. Kisha akawageukia watu, akaweka kidole mdomoni. Aliyenong'ona alimtazama mpaka akanyamaza. Aliwashika hivyo mpaka mwisho.

Lori lilipita kwenye mashimo, magunia yakaturusha. Nilishukuru kwa mashimo yale, maana yalinipa kitu cha kufanya.

"Ulinyamaza miaka yote hii?"

"Alituomba wote. Alisema hilo analiweka kwa ajili ya msiba wako. Siku ukifa, angekuja akuigize ulivyokaa nyuma ya shuka, mzizi kwapani, hutazami nyuma, watu wote Shinyanga wanajua umepewa ushindi na wewe peke yako hujui. Alisema, 'Mkimwambia mapema, mtaniharibia.' Si unajua utani ulivyo?"

"Alijua habari za mzizi?"

"Baba watoto, uwanja mzima ulijua. Ulikuwa unanuka beberu."

"Na wewe ulikubali? Nimelala kwenye sanduku, nawe ukae unicheke?"

"Nilikubali kucheka nikiwa mjane," akasema. "Ungeninyima?"

Nilitazama barabara. Ushindi wangu mmoja. Nilikuwa nimekataa kuandika na mtu kwa sababu ya ushindi huo, nikaunda kikundi kwa ajili yake, nikazeeka juu yake. Kisha nikauliza swali ambalo mtu mwenye akili timamu asingeuliza.

"Aliupenda mchezo? Au alikuwa anakusaidia wewe tu?"

"Mtemi alipovua bangili, alilia. Hakuwa anaigiza. Aliniomba leso."

"Ukampa?"

"Nikampa."

"Alirudisha?"

Mke wangu alinitazama kwa namna ambayo nilistahili, akageukia upande mwingine.

Tulifika wamekwisha kumzika. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye mikeka uani, nyuma ya mgahawa, hapo hapo penye viti vya mchezo. Wanawake walikuwa ndani na upande wa jikoni. Mjane wake alipojulishwa mimi ni nani, alitoka na ile kofia ya reli, imepauka, ukingo umekatika.

"Shikamoo," akasema. "Tangu jana tunatafuta mtani. Wasukuma wa hapa wanasema hawamfahamu vya kutosha, wanaogopa kumkosea. Wewe ulianza naye. Tufanyie kazi yako, baba. Watu wamekaa kama mawe. Yeye asingependa."

Nisingeweza kukataa. Mtani hakatai. Nilivaa kofia, ikaniingia mpaka masikioni. Nikaiga mwendo wake. Hakuna aliyecheka. Nikakaa kama niko dirishani, nikasema lile la treni ya Mwanza. Mtu mmoja akakohoa. Kijana mmoja mchimbaji akasema kwa upole, "Sauti, mzee." Nilikuwa nimerudi ukumbini Shinyanga, mbele ya watu wenye adabu, na maneno yalikuwa ya mtu mwingine.

Nikavua kofia. Kulikuwa na kigoda mbele. Nikaiweka juu yake, nikaitazama. Hasira ilinipanda, na nikajua kwamba hapa, leo, kwa mara moja, ninayo ruhusa.

"Mwizi wewe!" nikaiambia kofia. "Mla nazi wewe! Umeniibia!"

Vichwa viliinuka.

"Watu huibiwa ng'ombe. Huyu aliniibia kushindwa! Nilikuwa nashindwa vizuri kabisa, nimetulia, nashindwa kwa kiwango cha sekondari, akaja akanipa ushindi bila hata kuniuliza!"

Mzee mmoja alitoa sauti puani. Nikawasimulia. Kamba, mtemi, kuku wa mke wangu, nfumu na mpini wake. Nilipofika kwenye mzizi kwapani, yule kijana alijishika mbavu. "Na huyu," nikaonyesha kofia, "amekaa hapo, mbele kabisa, kidole mdomoni, anawanyamazisha watu, halafu ananiambia nimemmaliza! Nami nikamjibu, nenda kajifunze!" Wakaangua. Nikawaambia alikuwa akiniwekea neno hilo siku yangu ya kufa, nami nimemwahi, nimelitumia, sasa akafie wapi tena. Nikawaonyesha nilivyokaa. Niliwapa mgongo wafiwa wote, nikainama juu ya mswada usiokuwepo, nikabana kwapa.

Hapo nikasikia tena. Kicheko kilikuwa kimeujaza ua, na ndani yake miguu: wanawake walikuwa wanatoka jikoni kuja kuona, wanasukumana, mtu anasema "sogea." Kisha nyuma yangu, karibu, nikasikia mahali ambapo sauti moja ilinyamaza. Nilikijua kimya kile kuliko jina langu. Kikapasuka.

Hapakuwa na mwiko wowote. Niligeuka.

Alikuwa ameinama, mkono wake unampiga paja mjane, machozi yanamchuruzika, na mjane naye anacheka. Nilisimama pale, mzee mzima, nikisubiri anitazame. Macho yake yalikuwa kwenye kofia.